Kiunzi cha tovuti ni lugha ya timu nzima

Katika vyuo na shule za mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, kuna ubishi unaozidi kupamba moto miongoni mwa vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti. Mmoja hushikilia React, mwingine Angular, wa tatu Vue, na kila mmoja huitetea chaguo lake kwa hamasa ile ile ambayo mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards huwa nayo wakitoka uwanjani. Ubishi wenyewe si mbaya, kwani kijana asiyebisha hajajifunza kufikiri. Ubaya ni kwamba vijana hao wanapopewa mradi wa kufanya kwa pamoja, huubeba ubishi huo hadi mezani, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeamulia wengine.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye si mtaalamu wa tarakilishi, naomba nieleze kwanza kinachobishaniwa. Tovuti huwa na sehemu mbili. Kuna sehemu ya nyuma, inayohifadhi kumbukumbu na kufanya hesabu katika tarakilishi iliyo mbali, na kuna sehemu ya mbele, ile anayoiona na kuigusa mtumiaji kwenye kioo cha simu yake. Sehemu hii ya mbele huandikwa kwa HTML, ambayo hupanga maneno na picha. Kwa CSS, ambayo hutia rangi na umbo. Na kwa JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, ambayo huzipa kurasa uhai. React, Angular na Vue ni viunzi, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine pamoja na kanuni za kuutumia, ili timu isianze kila kazi kutoka sifuri. Nimelichagua neno kiunzi kwa sababu mafundi wa majahazi na wa nyumba wanalo, na mwanafunzi wa baiolojia anakijua kiunzi cha mifupa. Ni mihimili ya ndani ambayo, ikishasimama, ni vigumu kuibadilisha bila kukibomoa kitu chote.

Huenda msomaji akajiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya wanaprogramu. Jibu langu ni kwamba kiunzi ni lugha. Kina msamiati na sarufi yake, kina wasemaji wake na hata lahaja zake. Swali la timu, basi, ni swali la isimujamii: watu kadhaa wenye viwango tofauti vya umilisi wachague lugha gani ya kufanyia kazi pamoja? Msimamo wangu ni kuwa timu isichague kiunzi kinachosifiwa kuliko vyote, bali ichague kile ambacho wanachama wake wote, hata yule aliye nyuma kuliko wenzake, wanaweza kukisoma na kukirekebisha.

Nina sababu ya kulisema jambo hili kwa mkazo. Nimewahi kutazama kazi ya vijana watano wa chuo kimoja, wakazi wa Umoja na Kayole, waliokitengenezea chama cha akina mama tovuti ya kuweka hesabu za michango. Mmoja wao alikuwa hodari kuliko wenzake, naye ndiye aliyechagua kiunzi na kuandika sehemu kubwa ya msimbo. Kazi ilipendeza na wakapata alama nzuri. Baada ya miezi michache, yule hodari alipata ajira upande wa pili wa jiji, na wakati wake ukaisha. Chama kilipotaka jambo dogo tu, kuongeza safu ya faini kwa wanaochelewa kutoa michango, wale wanne walikaa mbele ya kipakatalishi jioni nzima bila kujua pa kushika. Mmoja aliniambia, "Daktari, hiyo sehemu ni yeye alikuwa anaijua." Akina mama wakarudi kwenye daftari lao la kurasa mia mbili. Daftari hilo, angalau, mweka hazina mpya anaweza kulifungua na kulisoma.

Sidai kwamba kiunzi walichokitumia kilikuwa kibaya. Kilikuwa kizuri sana, ila kilikuwa lugha ya mtu mmoja, na isimu inatufunza kuwa lugha iliyobakiwa na msemaji mmoja iko kaburini tayari.

Kuhusu namna watu wanavyopata lugha ya kazi, Eastlands yenyewe ni darasa lisilo na kifani. Wafanyakazi kutoka Nyanza, Ukambani, Magharibi na Kati walipojikuta majirani katika mitaa kama Kaloleni, Bahati, Shauri Moyo na Pumwani, watoto wao walicheza pamoja viwanjani na kuhitaji namna ya kuelewana. Humo ndimo Sheng ilimokulia, na wanaisimu kama Profesa Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, waliichunguza kwa makini. Hakuna kamati iliyokaa kuitunga. Kila mtoto alileta maneno ya nyumbani kwao, lakini mihimili ya sarufi ilitoka katika Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho walichokuwa nacho wote. Mihimili haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa ya kila mmoja.

Kuna somo la pili katika Sheng, nalo walimu wa tarakilishi wangelizingatia. Msamiati wake hubadilika mtaa kwa mtaa na kizazi kwa kizazi. Pesa zimekuwa doo, chapaa, ganji na munde, na kesho zitakuwa jambo jingine. Mtu aliyehama Jericho katika miaka ya 1980 akirudi leo, nomino nyingi zitampita. Hata hivyo atausikia ule ule mpangilio wa viambishi: na-, li-, ta-, me-. Maneno yamehama, lakini sarufi imebaki nyumbani.

Viunzi vya tovuti navyo ni hivyo hivyo. AngularJS ilitolewa na Google mwaka 2010, ikapendwa mno. Mwaka 2016 ikaja Angular mpya, ambayo licha ya kurithi jina ilikuwa kitu kingine kabisa, na mwisho wa mwaka 2021 Google ikaacha kuihudumia ile ya awali. React ilitolewa na kampuni ya Facebook mwaka 2013, na chombo kiitwacho Create React App, ambacho wanafunzi wasiohesabika waliingilia nacho katika fani hii tangu 2016, waliokitengeneza walishauri mnamo Februari 2025 kisitumiwe tena kwa miradi mipya. Vue, iliyotolewa na Evan You mwaka 2014, nayo toleo lake la pili liliachwa mwishoni mwa 2023. Mwanafunzi aliyekariri kiunzi kimoja bila kuijua JavaScript iliyo chini yake ni kama mtu aliyekariri misemo ya msimu mmoja akidhani amejifunza lugha.

Wala mabadiliko haya hayawasumbui wanaoanza pekee. Ushahidi, mradi uliozaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 ili kuziweka kwenye ramani taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, ulikuja kupata umaarufu duniani. Sura ya jukwaa lake katika toleo la tatu ilijengwa kwa AngularJS. Baadaye sura hiyo ilibidi kuandikwa upya kwa Angular mpya, katika mradi uliopewa jina Mzima. Ikiwa watu wenye uzoefu wa kiasi hicho hulazimika kujenga tena, wanafunzi wa muhula mmoja wasidhani kwamba wao watachagua kiunzi cha milele. Wachague wakijua kwamba iko siku mtu mwingine ataingia humo kuhamisha vitu, na mtu huyo atahitaji kuelewa alichokikuta.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano mwingine karibu naye. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa kuamua ni lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu katika Afrika Mashariki, na kamati ya kusimamia kazi hiyo ikaanza mwaka 1930. Wagombeaji wakuu walikuwa Kimvita cha Mombasa na Kiunguja cha mjini Unguja. Kimvita kilikuwa na hazina kubwa ya ushairi. Nani asiyelijua jina la Muyaka bin Haji? Lakini Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusafiri na misafara ya biashara hadi bara, na tayari kilikuwa na wasemaji wengi mbali na pwani. Kiunguja kikachaguliwa. Sisemi kwamba uamuzi ule haukuwa na dosari. Ulifanywa chini ya wakoloni, na wenye lugha hawakupewa nafasi waliyostahili mezani; ndiyo maana manung'uniko yake yalidumu kwa miongo mingi. Mafunzo hapo ni mawili. La kwanza, uenezi una uzito kuliko urembo lugha inapotafutwa kwa ajili ya kazi ya pamoja. La pili, uamuzi unaofanywa pasipo wahusika huacha kinyongo, na timu yenye kinyongo haimalizi kazi.

Sasa tuvitazame viunzi vyenyewe kwa kipimo hicho. Angular ni kama lugha yenye kamusi, sarufi na baraza lake. Karibu kila jambo lina njia moja iliyopangwa, na huandikwa kwa TypeScript, lugha iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012 kwa kuongezea JavaScript ukaguzi wa aina za data. Ukakamavu huo hufaa mashirika yenye wanaprogramu wengi wanaokuja na kuondoka, kwa sababu mgeni hukuta mambo mahali alipoyatarajia. Kwa wanafunzi wanne wenye wiki kumi, mlima huo ni mrefu. Muhula unaweza kuisha wakiwa bado wanajifunza kusalimia.

React ni kinyume chake. Wenyewe huiita maktaba, wala si kiunzi kamili, kwa kuwa inashughulika hasa na kuonyesha vitu kwenye kioo na kuiachia timu mengine yote. Namna ya kuhama kutoka ukurasa hadi ukurasa, namna ya kutunza kumbukumbu, hata namna ya kupanga mafaili, timu hujichagulia. Uhuru huo ni mtamu kwa mjuzi, lakini timu changa ikiupata bila kanuni, kila mwanachama huandika kwa lahaja yake. Nimeona mradi ambao kurasa tatu zilifanya jambo moja kwa njia tatu. Timu ikiichagua React, basi, iandike kwanza karatasi moja ya kanuni zake, na kila mtu azifuate.

Vue imekaa katikati. Inaweza kuingizwa katika ukurasa wa kawaida kwa mstari mmoja tu, bila mitambo mingi ya kuandalia, kisha ikakua pamoja na mradi. Muundo wake haujitengi sana na HTML ambayo mwanafunzi ameizoea. Upungufu wake hapa kwetu ni wa wasemaji: anayekwama ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumpata jirani anayejua React.

Kuna na chaguo la nne ambalo vijana hulionea haya, nalo ni kutotumia kiunzi chochote. Tovuti ya shule yenye kurasa sita, au orodha ya wanachama wa kikundi cha kuzoa taka, haihitaji zaidi ya HTML, CSS na JavaScript kidogo. Huhitaji lori kubeba kikapu cha sukuma wiki kutoka Muthurwa.

Aidha, tusisahau gharama, kwani katika mitaa yetu gharama ndiyo mara nyingi huamua nani ashiriki na nani atazame. Kuanzisha mradi kwa kiunzi na vifaa vyake kunaweza kupakua makumi, na wakati mwingine mamia, ya megabaiti. Kwa kijana anayenunua data kwa shilingi chache akitumia simu yake kama chanzo cha mtandao, hiyo ni nauli ya siku. Matokeo yake ni kwamba wenye mtandao nyumbani ndio huandika, nao wengine hupewa kazi ya kuchapa ripoti. Timu yenye busara humwachia mmoja apakue mahali penye mtandao wa bure, kisha kabrasha lote linakiliwa kwa flashi na kugawiwa wote siku hiyo hiyo. Ni jambo dogo, lakini bila hilo hakuna timu, kuna mwandishi na wasindikizaji wake.

Gharama hiyo humfuata mtumiaji pia. Tovuti nyingi za viunzi hazionyeshi kitu hadi msimbo wote ufike kwenye simu na kusomwa, na simu ya bei nafuu huchelewa kuusoma. Tukumbuke kwamba Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mnamo Machi 2007, huduma ile ilipita katika menyu ya kadi ya simu, na hata simu duni kabisa iliweza kuitumia. Waliobuni walianzia kwenye kifaa kilichokuwa mfukoni mwa mwananchi. Wanafunzi wetu nao wajiulize, kabla ya kubishana, mama mboga wa soko la Burma au Wakulima atakayeifungua kazi yao ana simu ya aina gani.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wataniambia kwamba matangazo ya kazi yanataja React, na kwamba mwanafunzi wa Dandora hana anasa ya kujifunza kisichomlisha. Pingamizi hili ni la haki, nami silipuuzi. Aliyeshiba asimfunze mwenye njaa kuchagua chakula. Hakika, kati ya viunzi vitatu nilivyovitaja, React ndiyo inayotumiwa na wengi zaidi, na timu ambayo hakuna mwanachama anayejua chochote ina sababu nzuri ya kuanzia hapo, kwa kuwa uenezi ni hoja, kama tulivyoona. Lakini mwajiri hamwajiri mtu kwa jina la kiunzi pekee. Humtafuta anayeweza kusoma msimbo ulioandikwa na wengine, kuuliza bila kuona haya, kueleza alichokifanya na kumwachia mwenzake kazi iliyo safi. Stadi hizo hazipatikani kwa kukaa kando ukimtazama hodari akiandika. Wale vijana wanne niliowataja waliweza kuandika jina la kiunzi maarufu katika wasifu wao. Kazi yenyewe hawakuijua.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu wanaosimamia miradi wafikirie mambo manne. Kwanza, somo la JavaScript lenyewe litangulie kiunzi, hata kama wanafunzi watalalamika kwamba wanacheleweshwa. Pili, kabla ya kuchagua, kila timu itumie wiki moja kwa majaribio: wanachama watengeneze ukurasa mmoja mdogo, kwa mfano orodha ya michango yenye jumla yake chini, kwa viunzi viwili vinavyoshindaniwa. Kisha yule aliye nyuma kuliko wenzake asome msimbo ambao hakuuandika na aueleze kwa sauti, kwa Kiswahili au hata kwa Sheng. Pale atakapoeleza vizuri zaidi, hapo ndipo penye kiunzi cha timu hiyo. Tatu, pasiwe na ukurasa wowote unaojulikana na mtu mmoja tu. Kila sehemu iwe na watu wawili wanaoweza kuirekebisha, na mwalimu alihakikishe hilo kwa kumwuliza asiyeiandika. Nne, uamuzi na sababu zake uandikwe katika karatasi moja na kuhifadhiwa pamoja na msimbo, ili atakayerithi ajue kwa nini.

Lililo muhimu zaidi ni kubadilisha namna ya kutoa alama. Tukiendelea kutuza mng'ao wa siku ya maonyesho, tutaendelea kupata kazi za mtu mmoja zenye majina matano juu yake. Mtahini aombe badiliko dogo papo hapo, tena alikabidhi kwa mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa. Iwapo badiliko litafanyika, timu ilichagua vyema, kiwe kiunzi gani. Likishindikana, sifa zote za React, Angular au Vue hazitaisaidia.

Nanyi wanafunzi, hasa mlio hodari, nawaambieni bila kuficha kwamba umahiri wenu ni mali ya timu. Hodari anayechagua kiunzi ambacho wenzake hawakijui hajawaongoza, amewaacha njiani. Punguza mwendo, eleza, andika kwa namna ambayo mwenzako ataelewa wewe usipokuwapo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na huo si msemo wa shuleni tu. Kuna akina mama huko Kayole ambao bado wanaandika michango yao kwenye daftari, nao wanangoja timu ambayo itaweza kuwaongezea safu ya faini.